Betri Kavu Isiyo Kavu: Kufufua Betri Zilizosahauliwa Stoo

Dar es Salaam na Mombasa watu huiita "betri kavu". Ndiyo ile nyeusi au ya kijivu, umbo la tofali dogo, inayokaa tumboni mwa UPS, ndani ya king'ora cha wizi, kwenye taa ya dharura na kwenye mashine ya geti la umeme. Ile ya volti 12 na ampea-saa 7, maarufu kuliko zote, ina uzito wa kilo 2 na ushei, na sehemu kubwa ya uzito huo ni risasi. Lakini si kavu. Ndani mna asidi ya salfa ile ile iliyomo kwenye betri ya gari, ila imenywewa na mkeka wa nyuzi za kioo uliobanwa kati ya mabamba, au imegandishwa ikawa kama jeli. Ukiilaza ubavu haimwagiki, na jina likapatikana hapo.

Jina hilo limezaa kosa. Kitu kikavu, mtu hudhani, hakiharibiki kwa kukaa. Basi shule inapofungwa, UPS za maabara ya kompyuta zinachomolewa, zinasukumwa stoo, juu yake yanapangwa maboksi ya karatasi za mitihani ya zamani. Zikikumbukwa mwaka unaofuata, mita inasoma volti 4. Fundi anatikisa kichwa: imekufa, nunua mpya. Makala hii inadai kwamba hukumu hiyo hutolewa mapema mno, na kwamba neno "imepona" nalo hutolewa mapema vilevile. Katika hukumu zote mbili shahidi ni mita ya volti peke yake, na shahidi huyo hatoshi.

Betri hii kimsingi ni ile aliyoiunda Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Inapotoa umeme, mabamba yake, chanya na hasi, hugeuka taratibu kuwa salfeti ya risasi, na asidi hupungua ukali. Chaji hurudisha kila kitu mahali pake, mradi salfeti ingali changa na punje zake laini kama unga. Ikiachwa miezi, punje hukua zikawa fuwele ngumu, mithili ya sukari iliyopata unyevu ikashikana koponi. Fuwele hazipitishi umeme. Chaja inasukuma, bamba halipokei.

Wala si lazima mtu aitumie ndipo iishe. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi betri hujipunguzia yenyewe takriban asilimia 3 ya chaji kila mwezi, na joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo huwa karibu maradufu. Katika stoo ya bati mjini Tanga, mwezi Februari, nyuzi 20 hazionekani hata alfajiri.

Tuseme sasa iko mezani: ampea-saa 7, inasoma volti 4.1. Kwanza itazamwe kwa macho. Ikiwa imevimba ubavu au imepasuka, kazi imeishia hapo. Ndivyo ilivyo pia seli moja ikiwa imeshikana ndani, ila hilo halionekani kwa macho. Hujitambulisha baadaye, betri inapochajiwa siku nzima na bado, ikipumzishwa, ikatulia kwenye volti 10 na kitu. Seli 6 za volti 2 zimebaki 5.

Chaja za kisasa huikataa betri hii. Zikikuta volti 4 mahali pa 12 huona hitilafu na kujizima, na wengi huishia hapo. Kinachofaa ni pawasaplai ya meza inayoweza kufungwa volti na mkondo pia. Volti zifungwe 14.7, mkondo ampea 0.5. Kinachomshangaza mwanafunzi ni kwamba hakuna kinachotokea. Volti zinaruka papo hapo hadi 14.7, mkondo unasoma 0.01. Asiyejua atasema imejaa. Haijajaa, imefunga mlango. Iachwe. Baada ya saa kadhaa mkondo utasoma 0.03, usiku 0.08, na pengine asubuhi 0.3. Kisha linakuja tukio ambalo fundi mwenye subira hulingoja: mkondo unagota kwenye kikomo chake cha 0.5, na volti, badala ya kupanda, zinaporomoka hadi 12 na kitu. Sasa bamba linapokea, na kuanzia hapo ni chaji ya kawaida.

Ikipita siku nzima bila dalili, volti zinaweza kupandishwa hadi 16, mkondo ukiwa bado umefungwa na mtu akiwa karibu. Kiganja kwenye ubavu wa betri ni kipimajoto kizuri: vuguvugu sawa, moto zima. Madirisha yawe wazi, kwa kuwa betri inayochajiwa hivyo hutoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja.

Nyingine hazikatai kwa sababu ya salfeti, zimekauka kwelikweli. UPS huzichemsha kwa miaka katika joto, maji yanatoka polepole kupitia vali, na mkeka unaachana na bamba. Kifuniko cha juu hubanduliwa kwa bisibisi bapa, na chini yake kuna vijikofia 6 vya mpira. Ukichungulia, mkeka mweupe unatakiwa ung'ae kwa unyevu. Ukiwa mkavu kama pamba, kila seli hupewa mililita 1 au 2 za maji yaliyokenekwa, kwa bomba la sindano, yakanywewa, yakaongezwa kidogo, bila kuacha maji yanayosimama juu. Miwani na glavu zivaliwe. Asidi isiongezwe kamwe: asidi haikuondoka, imejificha ndani ya mabamba kama salfeti, na itarudi kwa chaji. Kilichopotea ni maji tu. Hapa pana mtego wa lugha, maana jina "maji ya betri" hutumika dukani kwa maji na kwa asidi pia; chupa isomwe kabla ya kufunguliwa. Kofia zirudishwe upesi, kwa kuwa oksijeni ya hewani hula chaji ya bamba hasi.

Tiba za mkato hazikosekani. Wapo wanaosifia aspirini, ambayo huichangamsha betri siku chache huku ikizalisha asidi nyingine inayokula risasi. Wapo pia wanaokumbuka betri ndogo za redio zilivyoanikwa juani zikaimba tena. Kwa zile joto lilisaidia kidogo. Kwa hii joto ndilo lililoiua.

Uthibitisho ni taa. Betri ikishajaa ipumzishwe usiku kucha, ikisoma 12.8 ni dalili njema, ila dalili tu. Ifungiwe balbu ya indiketa ya gari, wati 21, saa ya simu ianze kuhesabu, na balbu izimwe volti zikishuka hadi 10.5. Betri mpya ya ampea-saa 7 huiwasha balbu hiyo karibu saa tatu nzima. Iliyofufuliwa ikiwasha dakika 20, irudishwe kwenye chaji na ijaribiwe upya. Mara ya pili au ya tatu huenda ikafika saa moja na nusu. Ikigoma pale pale kwenye dakika 20 baada ya mizunguko mitatu, basi huyo ni maiti mwenye volti nzuri. Sokoni wapo wengi.

Na maiti hao wana hatari yao. Anayewavunja nyuma ya nyumba ili ayeyushe risasi ya kutengenezea chubwi za nyavu anawavutisha watoto wake sumu. Mombasa inalijua hilo. Kitongoji cha Owino Uhuru kiliishi jirani na kiwanda cha kuyeyushia betri kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa. Betri iliyoshindwa taa irudi ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali.

Iliyoshinda ipangiwe kazi ya kiasi chake. Kuwasha ruta na taa mbili za LED inaweza. King'ora, taa ya dharura ya zahanati na UPS ya seva vinunuliwe betri mpya. Kabla haijatoka karakana, ibandikwe karatasi yenye mambo matatu: tarehe, volti baada ya kupumzika, na dakika ilizowasha balbu. Mteja alipe kwa dakika hizo. Mstari wa nne uachwe wazi kwa ajili ya tarehe ya chaji inayofuata, miezi mitatu mbele, hata kama itakuwa imekaa tu stoo.