TUUTAFUTIE AMANI MJI TULIOHAMIA

Masomo: Yeremia 29:4-7; 1 Samweli 1:12-17



Katika makanisa yetu jamaa nyingi zina mtoto, ndugu ao shemeji aliyefika Ulaya. Leo tunasema na wale wanaojitayarisha kwenda Ujerumani, pia na wazazi wanaowaombea hapa. Sisi tulioishi kule tumeona kwamba baridi si kitu, mtu anavaa koti. Kinachochosha ni desturi za kila siku.

Watu wa Yuda walipokuwa Babeli, manabii wa uongo waliwaambia watarudi upesi. Mungu akawatumia barua kwa mkono wa Yeremia: wajenge nyumba, wapande bustani, wautafutie mji ule amani na kuuombea, kwa kuwa amani ya mji ndiyo itakuwa amani yao. Basi kuitafuta amani ya mji wa Ujerumani ni kufanya nini?

Kwanza, ni kufuata utaratibu. Ukihamia nyumba, una majuma mawili ya kujiandikisha kwenye ofisi ya mji. Pale wanauliza pia dini. Tuwe waangalifu: neno "evangelisch" kwa Kijerumani halimaanishi sisi watu wa uamsho. Ni Kanisa la Kiprotestanti la zamani. Aliyeandikwa humo, ao katika Kanisa Katoliki, anakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 ao 9 ya kodi ya mapato yake. Ndiyo yetu iwe ndiyo: tutaje kanisa letu vile lilivyo.

Usafi nao una zamu. Upande wa Stuttgart, katika majengo mengi kila jamaa ina juma lake la kufagia ngazi. Takataka zinatengwa: karatasi mahali pake, chupa mahali pake, mabaki ya chakula mahali pake. Sisi tunaojua salongo, hilo lisitushinde. Kule ni salongo bila mtu wa kupiga filimbi.

Pili, ni kuheshimu usingizi wa jirani. Hapa ndipo Wapentekoste wengi wanajikwaa. Kuanzia saa 4 ya usiku mpaka saa 12 ya asubuhi ni wakati wa kimya, na siku ya Mungu ni kimya mchana kutwa: maduka mengi yamefungwa, hakuna kupiga misumari ukutani. Ndugu wakifanya mkesha ndani ya nyumba ya kupanga, kwa ngoma na sauti kubwa, jirani anaita polisi. Halafu tunasema shetani ameinuka. Wapendwa, yule jirani si shetani. Ni mama anayeamka saa 10 ya alfajiri kwenda kazini, na ukuta kati yenu ni mwembamba.

Hana aliomba midomo ikicheza tu, sauti haikusikika. Kuhani Eli akamdhania mlevi, lakini Mungu alimsikia akampa Samweli. Mkesha usife! Nyumbani tuombe kwa sauti ya Hana. Tukitaka kupaza sauti, tukodi jumba, kama makanisa mengi ya Waafrika wanavyofanya kule, wakiabudu mchana baada ya Wajerumani kutoka.

Tatu, ni kutohesabu kimya kuwa chuki. Hapa tunapiga hodi saa yoyote. Kule watu wanapatana kwanza siku na saa, na saa ikifika uwe mlangoni. Mtu anayekuja bila kuitwa anawashangaza. Lakini Mjerumani akiingia chumba cha kungojea daktari, anasalimia wote walioketi. Anza nawe kwa salamu kwenye ngazi, kila siku, kwa Kijerumani chako kidogo. Urafiki kule unakuja polepole, ila ukija unakaa.

Je, tutapotea katika desturi zao? Danieli alijifunza lugha na maandiko ya Babeli, akaitwa kwa jina la kule, akatumikia wafalme wao. Lakini chakula cha unajisi alikikataa, na mara tatu kwa siku alipiga magoti akielekea Yerusalemu. Lugha ijifunzwe, saa ishikwe, ila magoti yabaki ya Mungu.

Na sisi wa hapa, tusiwe mzigo. Mtoto asipopokea simu, tusiseme amekuwa mzungu. Pengine yuko kazini, na simu imekatazwa. Mshahara unatoka ukiwa umekatwa kodi na bima, kisha nyumba na moto wa kupasha chumba vinangojea. Kabla ya kuomba feza, tumuulize: Unalala vizuri? Umepata kanisa? Una mtu wa kula naye siku ya Mungu? Wengi wanalia peke yao chumbani kwa sababu hakuna aliyewauliza hayo.

Tuombe. Baba, uwalinde watoto wetu walio mbali. Uwape kibali mbele ya jirani zao, na amani ya mji wao iwe amani yao. Kwa jina la Yesu. Amina.