Hukumu Isiyo na Rufaa: Kuwaanika Watu Mitandaoni na Haki ya Mtuhumiwa

Mada kwa semina ya wasaidizi wa kisheria



1. Maana

Maana haitatuchelewesha, kwa kuwa kila aliyemo ukumbini amekwisha kuona mtu akianikwa: picha yake, jina lake, namba yake ya simu na tuhuma, kisha umma ukaombwa usambaze. Ni kule kule kujichukulia sheria mkononi, ambako ukelele wa "mwizi!" hukusanya watu kabla hawajauliza kilichoibwa.

Hata hivyo, insafu yatulazimu kukiri kwamba aliyetapeliwa, akaenda kituoni na kuambiwa "njoo kesho" hadi akachoka, huiona simu yake kuwa ndiyo mahakama iliyo karibu. Wala picha si adui wa haki: video iliyochukuliwa na mpita njia mjini Minneapolis, Marekani, mwezi Mei 2020, George Floyd alipouawa na askari polisi, ilikuwa ushahidi mzito katika kesi iliyomtia hatiani askari huyo Aprili 2021. Lakini video ile ilitoa ushahidi tu. Hukumu ilitolewa mahakamani, baada ya mshtakiwa kutetewa na wakili.

2. Tatizo lenyewe

Tatizo ambalo ofisi zetu zimeshindana nalo miaka mingi ni kwamba kanusho halifiki ilikofika tuhuma. Tuchukue mfano wa msichana wa kazi za ndani aliyetoka shamba na barua ya utambulisho ya kijiji chake. Herini za dhahabu hazionekani. Mwajiri, kwa ghadhabu, aipiga picha barua ile pamoja na uso wa msichana, aandika "jihadharini na huyu, sambazeni", na kabla ya adhuhuri habari imekwisha kufika kijijini kwao. Alasiri herini zaonekana katika mfuko wa dera. Mwajiri afuta ujumbe katika kundi alikoutuma, akidhani amelipa deni, ilhali nakala zilizokwisha kupelekwa kwingine hazifutiki, na wazazi wa msichana bado wanaulizwa kisimani kama binti yao amefungwa.

Baada ya watu kuuawa nchini India mwaka 2018 kwa uvumi wa wizi wa watoto, WhatsApp ilipunguza idadi ya mazungumzo ambamo ujumbe waweza kupelekwa kwa mara moja hadi 5, na Januari 2019 ikaeneza kikomo hicho duniani kote. Hatua hiyo hupunguza mwendo wa tuhuma, lakini haiirudishi iliyokwisha kutoka.

3. Sheria

Makadhi wa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi wamekata mashauri kwa kanuni kwamba mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 13(6)(b), yakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya hatia kuthibitika. Ibara ya 16 yalinda faragha. Tunayo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Si nia ya mada hii kulaumu idara yoyote. Lakini haya tumeyasema katika semina zilizopita, yakaandikwa katika kumbukumbu, na kumbukumbu zikawekwa kabatini. Kumpata mtumaji wa kwanza ni kazi nzito, na hata akiadhibiwa, adhabu yake haimrudishii msichana yule jina lake.

4. Mapendekezo

(i) Aliyeibiwa apeleke tuhuma, picha na namba alizonazo kituoni, si kundini.
(ii) Mlalamikaji apewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi, pamoja na siku ya kujibiwa, ili asikate tamaa.
(iii) Msimamizi wa kundi aondoe mara moja picha ya mtu ambaye hajahukumiwa.
(iv) Aliyesambaza uongo asambaze na kanusho katika kila kundi alikoupeleka, wala asitosheke na kufuta.
(v) Wasaidizi wa kisheria wafundishwe kumwandikia aliyeanikwa malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.
(vi) Usuluhishi wa mtaani udai kanusho kabla ya fidia.
(vii) Vituo vya polisi vijibu upesi, kwani bila hilo pendekezo la kwanza ni maneno matupu.
(viii) Nalirudia kwa makusudi: tuhuma kituoni, si kundini.

Nawaomba washiriki tusingoje azimio: picha ya kwanza ya mtuhumiwa itakayotufikia baada ya semina hii, kila mmoja wetu na aizuie kwake isipite.