Kunenepa si Neema, Kukonda si Laana

Jumapili ya 18 ya Mwaka A
Masomo: Isa 55:1-3, Rum 8:35, 37-39, Mt 14:13-21



Wapendwa wasikilizaji, Jumapili hii inatukuta katika majira ya neema. Hapa mkoani Songwe, kuanzia Ileje hadi Momba, mahindi yamekwisha kuvunwa na magunia yamepangwa ndani. Kule Mbozi kahawa ingali inachumwa, na malori ya mazao yanaelekea Tunduma mchana na usiku. Mkulima aliyekaa miezi mingi bila senti sasa ana noti mfukoni. Ndiyo maana huu ni wakati wa harusi na sherehe za kila namna. Ni katika majira hayo Mama Kanisa anatusomea Nabii Isaya, anayewauliza watu wake swali linalochoma: mbona fedha yenu na jasho lenu mnavitumia kununua vitu visivyowalisha?

Isaya alisema na watu waliokuwa uhamishoni, na neno lake lahusu kwanza njaa ya roho. Lakini Mungu aliyeumba roho ndiye aliyeumba na tumbo. Katika Injili ya leo mitume walitaka makutano yaagwe, kila mtu akajitafutie chakula vijijini. Yesu alikataa. Akaagiza watu waketi, akatwaa mikate mitano na samaki wawili, akabariki, akawapa. Kwa hiyo chakula si jambo dogo mbele ya Bwana wetu. Nami leo napenda tutafakari pamoja jambo ambalo ni nadra kusikika mimbarini, yaani unene uliopita kiasi, unaoingia sasa katika nyumba zetu za vijijini.

Pengine mtu atashangaa. Vijijini kwetu tumezoea kuhubiriwa juu ya njaa. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya, na ile ya mwaka 1975 iliyoitwa Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika chini ya mti kuzunguka redio moja, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kupanda mboga. Adui wa siku zile alikuwa upungufu na uchafu. Adui huyo hajaondoka. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Lakini adui wa pili ameingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2004-05, kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliozidi uzito walikuwa 18. Mwaka 2015-16 walifikia 28. Nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa kupita kiasi, na wote wawili hawalishwi vema.

Umetokea wapi unene huu? Tusikimbilie kusema ni ulafi. Ulafi ni dhambi, na Kanisa limefundisha hivyo tangu zamani. Lakini mtu mwembamba aweza kuwa mlafi, na mtu mnene aweza kuwa mwenye kiasi. Wengine wamerithi maumbile hayo kwa wazazi wao. Wengine wameongezeka baada ya uzazi au kwa umri. Tuyatazame pia maisha yetu yalivyobadilika.

Zamani tulikula dona. Siku hizi anayekula dona huonekana maskini. Sote twataka sembe nyeupe. Tunapeleka mahindi mashineni, yanakobolewa, kiini na ganda vinakwenda kwenye pumba, na pumba tunawapa nguruwe na kuku. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya virutubisho tunawapa mifugo, na sisi tunabaki na wanga. Zamani mafuta ya kula yalipimwa kwa kijiko. Leo, nyumba yenye uwezo kidogo huyamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Chai huwekwa sukari mpaka kijiko kinasimama. Mgeni akija, heshima yake ni soda, na chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa. Jioni wanaume wanaketi kilabuni, nayo pombe hunenepesha kama chakula.

Tena tumeacha kutembea. Sizungumzii mama anayelima kwa jembe la mkono na kubeba kuni; huyo kazi anayo ya kutosha. Nazungumzia sisi tulioinuka kidogo: wenye maduka, wenye mashine, walimu, madereva wanaokaa siku nyingi katika foleni ya mpakani wakila chipsi na mayai, na sisi mapadre. Katekista aliyekuwa akikata milima kwa baiskeli sasa ana pikipiki. Tunamshukuru Mungu kwa pikipiki, lakini miguu nayo inadai haki yake.

Matunda ya mabadiliko hayo tunayaona wodini. Presha hupanda bila kupiga hodi. Kisukari huharibu macho, figo na miguu. Moyo hulemewa, magoti huuma, na kiharusi humwangusha mtu mzima wa miaka 50 ambaye bado ana watoto shuleni. Wataalamu wa afya wanatupa kipimo chepesi, na fundi cherehani yeyote ana utepe wa kukipima: mwanamke ambaye kiuno chake kimepita sentimeta 88, na mwanamume aliyepita sentimeta 102, wako katika hatari kubwa zaidi, hata kama wanajiona wazima.

Hayo, ndugu zangu, mhudumu wa zahanati aweza kuyaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nataka niseme neno ambalo yeye hawezi kulisema, kwa sababu linahusu dhambi, na dhambi hiyo ni yangu pia.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja nilichokihudumia, alikuwapo mama mmoja, kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mwenye duka na mikono iliyozoea kutoa. Alikuwa mnene, na watu walimsifu kwa hilo. Mumewe alikuwa dereva wa malori. Siku moja alipimwa, akaambiwa presha imepanda na kisukari kinanyemelea, apunguze uzito. Mama akatii. Akaacha soda, akarudi kwenye dona na maharage, akaacha bodaboda. Kila Jumapili alikuja Misa kwa miguu, mwendo wa saa nzima. Baada ya nusu mwaka vitenge vyake vilikuwa vinamzunguka mara mbili, na mhudumu aliyempima alifurahi sana.

Ndipo maneno yakaanza. Kisimani na mashineni watu waliulizana: mumewe si yule wa malori? Wateja wakapungua dukani. Ninyi nyote mnajua walichokuwa wanawaza. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini mwetu, kule Kagera, mwaka 1983, tumejifunza kuuogopa mwili unaopungua. Sisi wa barabara kuu na mpakani tumezika wengi. Tuliwaona wapendwa wetu wakikonda hadi mifupa ikahesabika, na hofu ile imebaki ndani yetu. Tangu hapo mtu mnene twamwita mwenye afya, na mtu akipungua twamwita marehemu mtarajiwa.

Na mimi padre wao nilifanya nini? Jumapili moja baada ya Misa, mlangoni mwa kanisa, nikamshika mkono mbele ya watu wote nikasema: “Mama, mbona umekwisha hivi? Unaumwa nini?” Nilidhani hiyo ni huruma ya mchungaji. Akatabasamu akajibu: “Mzima, Baba.” Jumapili iliyofuata alikuja kwa bodaboda. Ilipofika Pasaka alikuwa amerudi katika mwili wake wa zamani. Watu walimpongeza, nami nikafurahi pamoja nao.

Mwaka wa pili yake kiharusi kilimwangusha dukani. Hakufa, namshukuru Mungu. Nilipompelekea Komunyo nyumbani, alininyoshea mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kuume haukunyanyuka tena, akaniomba radhi kwa kunisalimu kwa mkono huo. Kisha akasema polepole: “Baba, ningeendelea kutembea. Niliona haya tu.” Mimi ndiye niliyepaswa kuomba radhi, nikaiomba hapo hapo, kando ya kitanda chake.

Wapendwa, hapo nilielewa kwamba unene una kisababishi kingine kisichopimwa kwa utepe, nacho ni ulimi. Tunaweza kumfundisha mtu kula vema, lakini tukimcheka anapokula dona na kumsengenya anapopungua, tumemfungia njia ya uzima. Na tujue hivi: dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bila malipo nchini mwetu tangu mwaka 2004, na wanaozitumia vema wananawiri na kufanya kazi zao. Kwa hiyo wembamba si cheti cha ugonjwa, wala unene si cheti cha afya. Na hata kama mama yule angekuwa na virusi, je, hiyo ingekuwa sababu ya kulikimbia duka lake? Mtume Paulo anawaambia Warumi leo kwamba hakuna dhiki, wala kiumbe chochote, kiwezacho kututenga na upendo wa Kristo. Ikiwa Kristo hamtengi mtu, sisi ni nani tumtenge kwa sababu ya vipimo vya mwili wake?

Turudi sasa kwenye nyasi zile alipowaketisha watu. Yesu aliwapa chakula cha kawaida cha watu wa ziwani, mkate na samaki. Watu walikula hadi wakatosheka, wakaacha. Na kilichobaki kikakusanywa, vikapu kumi na viwili. Huko ndiko kushiba kwa Kikristo: kushukuru, kugawana, kutosheka, na kutunza kinachosalia. Mtu anayekula hadi kapu likauke hana cha kumgawia Lazaro aliye mlangoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2288 hadi 2290, inatukumbusha kuwa uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kila namna ya kupindukia katika chakula, pombe na tumbaku. Tulichokabidhiwa tutakitolea hesabu.

Tufanye nini basi? Kwanza, nyumbani, turudishe heshima ya vyakula vyetu: dona, kande, maharage, majani ya maboga, mnavu, matunda ya msimu. Tupunguze mafuta, sukari na chumvi. Kabla hatujauza maharage yote, tuwaachie watoto ya kutosha. Baba asijipakulie minofu yote huku mtoto anabaki na mchuzi.

Pili, anayeweza kutembea atembee. Nusu saa kwa siku, siku tano katika juma, inatosha kuleta tofauti. Wanajumuiya wanaokwenda kusali pamoja wanaweza kwenda kwa miguu pamoja, wakisali Rozari njiani. Anayetembea na wenzake hasemwi kama anayetembea peke yake.

Tatu, mgeni tumkirimu kwa kiasi. Nawaambia wazi, akina mama wa vigango: padre akija, msimchinjie kuku kila mara na kumwekea soda mbili. Mpeni maji safi, ugali wa dona na mboga, atashukuru. Akinung'unika, mwombeeni.

Nne, twende zahanati tupimwe presha na sukari tungali wazima. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa amejisikia nafuu, wala kwa kuwa amesikia mahubiri haya.

Tano, na hili nawaachia hasa makatekista, tuulinde mlango wa kanisa. Mtu asikaribishwe pale kwa kutazamwa mwili wake. Tusimwambie “umenenepa, hongera,” wala “umekonda, pole.” Tumwambie: “Tumsifu Yesu Kristo, habari za nyumbani?” Hiyo yatosha. Akitaka kutueleza habari za mwili wake atatueleza mwenyewe, tena faraghani.

Mama yule yu hai hadi leo. Mazoezi yamemrudishia mguu, ingawa mkono bado. Jumapili wanajumuiya wenzake humfuata nyumbani, wakaja naye taratibu kwa miguu, wakipumzika njiani. Wakati mwingine wanachelewa, nami nawasubiri.

Ee Bwana Yesu, uliyewahurumia makutano nyikani, utufundishe kula kwa shukrani na kuacha kwa furaha. Uwaponye wanaoteswa na presha, kisukari na kiharusi. Uvilinde vinywa vyetu, kwa kile kinachoingia na zaidi kwa kile kinachotoka. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.