Msumeno wa Bei Nafuu: Soma Kibandiko Kwanza

Msikilizaji wa Kitui na Makueni, unatafuta msumeno wa umeme wa kukata mbao kwa pembe, wa kazi za nyumbani? Kabla ya kulipa, soma kibandiko chake. Umeme wetu Kenya ni volti 240. Mashine nyingi za mtumba kutoka Marekani ni za volti 120. Ukichomeka mashine kama hiyo hivi hivi, mota itaungua.

Halafu, mashine ikiwa imezimwa, shusha mkono wake, kisha uinue. Kifuniko cha diski kirudi chenyewe na kufunika meno. Kisiporudi, usinunue, hata ukipunguziwa bei. Vidole havina spea.

Usivutiwe na ukubwa. Kwa fremu za picha na madirisha, diski ndogo yenye meno makali yatosha, hata kwa mbao za mti wetu wa mukau.

Na kama unakata mara moja moja tu, mimi ningechukua msumeno wa mkono na kisanduku cha mbao chenye mfereji wa nyuzi 45. Fundi seremala wa mtaani atakutengenezea kisanduku hicho.

Kibandiko hukielewi? Nenda dukani na fundi wa umeme, akusomee kabla hujatoa pesa.