Hotuba ya Walimu wa Bendi



Tumepewa dakika chache tueleze darasa la tromboni la Jumamosi, lile linalowaamsha majirani. Majirani, asanteni kwa uvumilivu.

Mtoto akija mara ya kwanza hatumpi tromboni. Tunampa kile kipande cha mdomo peke yake, atetemeshe midomo hadi ivume kama nyuki, bila kuvimbisha mashavu. Kisha anaimba noti kabla ya kuipuliza, maana tromboni haina vitufe. Mrija wa kuvuta una mahali saba pa kusimama, wala hapana alama yoyote. Sikio ndilo linalokuambia umefika. Hapo ndipo mtoto aliyekulia kwenye kwaya anapowatangulia wenzake. Mkono wa kushoto hubeba uzito wote, wa kulia huvuta kwa vidole vilivyolegea. Anayeushika mrija kama jembe, noti zake huja zikijikwaa.

Sasa kuna jambo tunalotaka kulisema mbele yenu. Kwenye tromboni zetu, do hupigwa mrija ukiwa umefungwa. Re, noti inayofuata tu, iko mahali pa sita, karibu na mwisho wa mrija. Mkono wa mtoto wa miaka tisa haufiki huko. Sisi tulifundisha ngazi kuanzia chini, kama tunavyoimba, na kila tulipofika re tukapaza sauti: "Nyoosha mkono!" Binti mmoja alijaribu miezi mitatu, akigeuza bega, akiinamisha shingo, hadi siku moja mrija ukamchomoka, ukaanguka sakafuni na kupinda. Tulimkemea kwa ajili ya mrija. Hakurudi tena.

Kosa lilikuwa letu. Siku hizi tunaanza na so, tunapanda hadi do ya juu, kisha tunashuka hadi mi, na mkono haupiti mahali pa nne. Re inangoja mtoto akue. Wimbo ukiwa nayo, mwenye mkono mrefu huichukua.

Mrija ule fundi aliunyoosha, ingawa bado unakwaruza kidogo. Binti mwenyewe leo anaimba sauti ya pili katika kwaya hii, na mkono wake sasa unafika. Binti yetu, tusamehe. Tromboni iko kabatini, tumeipaka mafuta. Darasa linaanza saa tatu asubuhi.