Mustakabali wa Visiwa: Maneno Yetu kwa Ndugu wa Ufipa

(Hotuba ya wajumbe wa chama waliotumwa Mkoa wa Rukwa. Twaichapa kama ilivyosomwa Sumbawanga, ipate kusomwa na wanachama wa Unguja na Pemba.)



Sisi ni watu wa pwani. Tumepanda kutoka Tunduma hadi uwanda huu ulio baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na baridi yake imekwisha kututia adabu. Tumeambiwa kuwa maana ya jina Sumbawanga ni "tupa uchawi". Basi nasi, kama tulikuwa nao, tumeuacha bandarini. Tulichokuja nacho ni hoja.

Jana jioni mzee mmoja alituuliza: "Nyinyi Wazanzibari mna Rais, mna Baraza la Wawakilishi, mna bendera. Sisi Rukwa tuna Mkuu wa Mkoa, naye huletwa. Mmetuzidi nini?" Wako watu wetu wanaolicheka swali kama hili. Sisi hatulicheki. Kwa sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773, na mkoa huu una watu 1,540,519. Ikiwa kipimo ni hesabu ya vichwa, hatukumzidi mzee kwa mengi.

Lakini kipimo si hicho. Zanzibar ilikuwa dola tangu tarehe 10 Desemba 1963, ikapinduliwa 12 Januari 1964, na ilikuwa dola bado pale Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walipotia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964. Dola mbili zilifanya mapatano. Wananchi wa pande zote mbili hawakuulizwa kwa kura. Hilo ni deni ambalo halijalipwa, kwenu na kwetu. Mambo ya Muungano yalikuwa 11 katika Hati zile. Leo katika Katiba yanahesabiwa 22. Mzee Karume husimuliwa kuwa aliufananisha Muungano na koti, likikubana unalivua. Sisi hatukuja kuwaambia tunalivua. Tumekuja kuuliza fundi yuko wapi.

Nanyi mnayo kadhia yenu ya namna hii. Ufipa ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na nyuma yao Milansi, iliyotangulia. Masimulizi yenu yasema kuwa wageni waliutwaa utawala kwa hila, lakini mkuu wa Milansi akabakia na heshima yake, wasiweze watawala wapya kuiondoa. Aliyesuka mapatano hayo alijua kuwa mdogo aliyenyang'anywa kila kitu hatulii.

Sasa tutazame mbali kidogo, kwenye visiwa vya Karibi. Mwezi Januari 1958 makoloni kumi ya Uingereza yaliunganishwa kuwa Shirikisho la West Indies. Jamaica na Trinidad peke yao zilikuwa na zaidi ya robo tatu ya watu wote. Hata hivyo Norman Manley wa Jamaica na Eric Williams wa Trinidad walibaki makwao, hawakugombea Bunge la Shirikisho; uwaziri mkuu ukashikwa na Grantley Adams wa Barbados, na serikali yake ikanyimwa hata uwezo wa kutoza kodi ya mapato katika miaka mitano ya mwanzo. Tarehe 19 Septemba 1961 Wajamaika walipiga kura, asilimia 54 wakataka kutoka. Williams akapiga hesabu yake mashuhuri: kumi ukitoa moja hakibaki kitu. Tarehe 31 Mei 1962 Shirikisho lilivunjwa.

Wakubwa wa huku hupenda kutuonesha kisa hicho, ati shirikisho halifai. Sisi twakisoma vingine. Kule serikali ya katikati ilikuwa jina tupu, wenye nguvu wamekaa nje yake. Huku kosa limegeuka: serikali ya Muungano ndiyo hiyo hiyo serikali ya Bara, na mwenye kushitaki hajui amshitaki nani mbele ya nani. Hata nyinyi wa Rukwa hamna serikali ya Tanganyika ya kuiuliza juu ya mahindi yenu na barabara zenu. Mnauliza palepale panapoulizwa mambo ya nje na majeshi. Tume ya Jaji Nyalali ilipendekeza serikali tatu, na Tume ya Jaji Warioba ikasema hivyo hivyo katika rasimu zake za mwaka 2013. Bunge Maalumu mwaka 2014 likazirudisha mbili, na kura ya maoni iliyopangwa kwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, isifanyike. Huambiwa serikali ya tatu ni gharama. Ni hoja, hatuipuuzi. Lakini na isemwe hadharani mbele ya mpiga kura, pamoja na gharama ya manung'uniko ya miaka sitini.

Wanachama wetu watakaosoma haya visiwani wataona vyema mpaka hapa. Yafuatayo hayatawafurahisha wote.

Shirikisho lilipokufa, St Kitts ilipewa kutawala pamoja na Nevis na Anguilla. Anguilla ikasema haioni faida. Mwezi Mei 1967 watu wake wakawafukuza askari polisi wa St Kitts. Mwezi Julai wakapiga kura, 1,813 kwa 5. Machi 1969 Waingereza wakateremsha majeshi, na mwisho wake mwaka 1980 Anguilla ikatengwa rasmi, ikarudi kuwa koloni kwa hiari yake! Nevis ilibaki, lakini katiba ya uhuru ya mwaka 1983 iliipa serikali yake na mlango wa kutokea kwa theluthi mbili ya kura. Mwaka 1998 waliutaka karibu asilimia 62. Haikutimia, wakaendelea kukaa nyumba moja. Jirani zetu wa Ngazija walikuwa na habari hiyo hiyo: mwaka 1975 Komoro ilijitangazia uhuru, Mayotte ikabaki na Ufaransa, na mwaka 1997 Anjouan nayo ikajitenga kwa muda.

Kila kisiwa kilichomlalamikia mkubwa wake kilikuwa na mdogo anayekilalamikia. Sisi tuna Pemba. Karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba, na kwa miaka mingi mwenye shida ya ofisini amepanda chombo kwenda Unguja. Haki tunayoidai Dodoma twawajibika kuiandika katika ilani yetu kwa ajili ya Wete, Chake Chake na Mkoani: baraza lao la kuchaguliwa, na fungu lao katika bajeti. Jambo hili tutalipeleka katika mkutano mkuu wa chama, na wenye kulipinga wajiandae kutuambia tofauti ya malalamiko mawili haya.

Nawe mzee uliyetuuliza jana, kama wataka Mkuu wa Mkoa achaguliwe na watu wa Rukwa, sema. Hatutakuambia kuwa haki hiyo ni ya visiwani tu.

Kesho, inshallah, tunateremka Kasanga. Mwenye swali na aulize sasa.