Kilo Moja ni Lita Moja: Kutambua Maji Yaliyozidi Mwilini kwa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Figo

Mada iliyotolewa kwa wananchi wa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera



Watu wa mkoa huu wanaijua thamani ya mizani. Mkulima wa kahawa wa Kamachumu hakubali gunia lake likadiriwe kwa macho, wala mvuvi wa Kemondo hauzi sangara wake kwa kukisia. Kila mmoja hudai uzito usomwe mbele yake. Tunaomba desturi hiyo njema iingie pia katika nyumba yenye mgonjwa wa figo, kwa kuwa huko mizani hulinda uhai.

Figo zenye afya hutoa maji na chumvi ambavyo mwili hauvihitaji. Zinapochoka kwa miaka mingi, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo la damu au kisukari, maji na chumvi hubaki. Maji hayo huingia kwanza katika damu na kuongeza shinikizo lake, kisha huvuja kwenye nyama za miguu na uso, na mwisho huweza kufika kwenye mapafu. Anayefikia hatua hiyo hupumua kwa shida, kana kwamba anazama akiwa nchi kavu.

Ugonjwa wenyewe si wa watu wachache. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za ugonjwa sugu wa figo kwa takriban watu 7 katika kila watu wazima 100. Wengi wao hawakujua kwamba wanao.

Kwa nini tusisubiri uvimbe

Wengi hungoja miguu ivimbe ndipo waende kliniki. Tatizo ni kwamba uvimbe huchelewa kuonekana. Mwili wa mtu mzima unaweza kuficha lita 2 hadi 3 za maji ya ziada kabla kidole hakijaacha shimo kwenye muundi. Mizani haifichwi namna hiyo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na hakuna mtu anayenenepa kilo mbili za nyama au mafuta katika siku mbili. Uzito ukipanda ghafla, kilichoongezeka kwa sehemu kubwa ni maji.

Kwetu sisi siku hizo chache zina uzito wa pekee. Mgonjwa anayeishi Bumbire au Goziba hawezi kuvuka ziwa saa nane za usiku wakati upepo umechafuka. Anayeishi mbali na barabara kuu ya Muleba hutegemea pikipiki, na mtu asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi hasafirishwi kwa urahisi juu ya pikipiki. Aliyeona uzito ukipanda Jumatatu ana nafasi ya kumpigia simu mhudumu wake siku hiyo hiyo na kusafiri Jumanne mchana. Aliyengoja uvimbe huenda akasafiri Alhamisi usiku, akiwa mahututi.

Namna ya kupima nyumbani

Pima kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya chai, ukiwa umevaa nguo zile zile nyepesi. Weka mizani juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Juu ya mkeka, zulia au udongo usio sawa husoma vibaya. Hakikisha inaonyesha sifuri kabla hujapanda. Andika tarehe na uzito katika daftari, wala usitegemee kumbukumbu.

Mizani ya kununulia mazao huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, lakini ile ya chumbani kwako kwa kawaida hakuna mkaguzi anayeifikia. Unaweza kuijaribu mwenyewe. Jipime, kisha jipime tena ukiwa umebeba chupa sita za maji za lita moja na nusu ambazo hazijafunguliwa. Tofauti iwe kilo 9 na kitu kidogo. Ikiwa ni 7 au 11, irudishe dukani ungali na risiti. Kabla ya kununua, jaribu mizani mara tatu mfululizo. Inayotoa majibu matatu yanayopishana sana haifai, hata ikiwa nzuri kwa sura. Asiye na mizani nyumbani anaweza kuomba kupimwa katika zahanati iliyo karibu, siku zilizopangwa na kwa mizani ile ile.

Uzito hupanda na kushuka kidogo kila siku kwa sababu ya chakula na choo, na hilo lisikutie hofu. Mpigie mhudumu wako uzito ukiongezeka zaidi ya kilo moja kwa siku moja, au kilo mbili ndani ya wiki moja. Kama kliniki yako imekupa kiwango kingine, fuata hicho.

Dalili za kuangalia pamoja na uzito

Bonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde kama tano, kisha uachie. Shimo likibaki, kuna maji. Kwa mgonjwa anayelala muda wote, maji hukusanyika chini ya mgongo. Mgeuzeni mkaangalie huko. Tazama uso na kope wakati wa asubuhi. Angalia pete iliyoanza kubana na mkanda uliohama tundu. Hesabu mito: aliyekuwa akilalia mmoja na sasa anahitaji mitatu ili apumue ametoa taarifa muhimu, hata kama hajalalamika. Pima shinikizo la damu, nalo uliandike.

Si kila uvimbe hutokana na figo. Moyo, ini, upungufu wa protini na hata baadhi ya dawa za shinikizo huvimbisha miguu. Mguu mmoja uliovimba kwa maumivu huweza kuwa na damu iliyoganda. Mama mjamzito aliyevimba uso au mikono aonwe na mhudumu siku hiyo hiyo.

Kushindwa kupumua ukiwa umekaa, kukohoa povu, maumivu ya kifua au kuchanganyikiwa ni dharura. Mkalisheni mgonjwa wima na mpelekeni katika hospitali iliyo karibu bila kungoja asubuhi.

Uzito mkavu, na pale mizani inapodanganya

Uzito mkavu ni ule ambao mgonjwa hana maji ya ziada wala hajakaukiwa. Kliniki huukadiria kwa kupima shinikizo, kutazama mshipa wa shingo, kusikiliza mapafu na kukagua miguu. Penye vifaa, hutumia pia ultrasaundi ya mapafu. Hakuna kipimo kimoja kinachotosha peke yake. Akizidishiwa ukavu, mgonjwa hupata kizunguzungu anaposimama, hubanwa na misuli na huishiwa nguvu.

Kuna hila moja ambayo familia inapaswa kuijua. Mgonjwa asiyekula vizuri hupungua nyama, na maji yakajaza nafasi yake. Mizani itasoma kilo 60 mwezi huu na kilo 60 mwezi ujao, nanyi mkashukuru, kumbe kilo tatu za mwili zimeondoka na lita tatu za maji zimeingia. Kwa hiyo uzito mkavu upitiwe upya mara kwa mara, hasa mashavu na mabega yanapokonda ilhali miguu inajaa.

Chumvi, vinywaji na dawa

Chumvi ndiyo inayoyashika maji mwilini. Gramu 9 za chumvi hushikilia takriban lita moja. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya vyakula. Kayabo na dagaa waliokaushwa kwa chumvi hubeba nyingi, vivyo hivyo viungo vya supu vya pakiti. Pakiti inayotaja sodiamu, zidisha namba hiyo kwa mbili na nusu upate kiasi cha chumvi. Usinunue chumvi mbadala bila ushauri: nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa na ambayo huweza kuusimamisha moyo.

Si kila mwenye ugonjwa wa figo anatakiwa kupunguza maji. Swali hilo liulizwe kliniki. Aliyepewa kiwango ahesabu kila kinachonyweka: chai, uji, maziwa, mchuzi, togwa na lubisi.

Katika duka la dawa, taja ugonjwa wako kabla ya kutaja maumivu yako. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia chumvi na maji yasitoke, na huziumiza zaidi figo. Dawa za kukojoza nazo zisinunuliwe kwa kuigwa kutoka kwa jirani, na anayezitumia akipatwa na kuhara au kutapika awasiliane na mhudumu mapema.

Maswali ya kuuliza kliniki

Ni haki ya mgonjwa kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Nendeni na daftari lenu na muulize:

1. Uzito wangu mkavu ni kilo ngapi, na ulikadiriwa lini?
2. Uzito ukiongezeka kwa kiasi gani nipige simu, na nimpigie nani?
3. Ninywe kiasi gani kwa siku?
4. Dawa ipi niiache nikiugua tumbo?
5. Usiku wa dharura, niende hospitali ipi?

Majibu yaandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari, mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani ataweza kuyasoma. Ziwa likichafuka au barabara ikiharibika, familia haitakuwa na muda wa kutafuta namba ya simu. Jioni ya leo chagueni mahali palipo sawa pa kuweka mizani, na kesho asubuhi, kabla ya chai, mwandike namba ya kwanza.